Picha Thelathini na Moja za Ukuta

Studio, 4 Februari

Mwanangu Mdadisi,

Salamu zikufikie huko uliko. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi. Mama yako hajambo. Amepata kazi ya kushona sare za shule mbili, na cherehani tatu zimejaa sebuleni, mgeni akija inabidi akae kitandani. Anatafuta chumba cha kufanyia kazi.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ukishakata imekwisha. Barua nitakushika nayo siku utakayokana.

Jambo lenyewe ni hili. Ile programu yangu ya kurekebisha picha imeanza kunitesa. Unaikumbuka, ya kwenye sidii, aliyoninunulia marehemu baba yako ukiwa darasa la saba. Ilinunuliwa mara moja, ikaingizwa kwenye kompyuta, basi. Miaka yote hii nimeondoa nayo chunusi za nusu ya mji huu na hakuna aliyenigongea mlango kudai chochote. Sasa nimepata kamera nyingine, nzuri, lakini picha zake programu haizitambui. Na kompyuta inazima katikati ya kazi. Juzi ilizima nikiwa nimemfungua bwana harusi jicho moja, la pili bado.

Fundi wa kompyuta anasema za kununua mara moja zimeadimika, siku hizi unalipia kila mwezi. Nikamuuliza, nisipolipa mwezi mmoja? Akasema inajifunga. Na kazi zangu zilizomo? Akajikuna kichwa. Yaani ni kupanga chumba, mwenyewe anakufungia nje na vyombo vyako viko ndani.

Wewe hii ndiyo kazi yako. Niambie ukweli, usinibembeleze.

Shangazi yako

*

27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua imefika ikiwa na alama ya kikombe mgongoni, nikajua kweli imetoka kwako. Mimi sijambo. Chumba changu bado kile kile, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na kazini tunapanga kurasa za vitabu vya hesabu mpaka naota sehemu na asilimia. Mpe pole mama kwa msongamano.

Ukweli ni huu. Ile ya sidii ilikuwa nzuri kwa wakati wake. Lakini walioitengeneza wameshaisahau. Kamera ikibadilika, yenyewe haibadiliki. Ya kila mwezi inajisahihisha yenyewe, na hata kompyuta yako ikifa leo, kazi zako zinabaki kwenye hifadhi ya mtandaoni na kila hatua uliyopiga inatunzwa. Ukiharibu jicho la mtu unarudi nyuma hata miezi kadhaa. Ubaya wake umeshausema mwenyewe: siku ukiacha kulipa, unasimama nje.

Ila Shangazi, usinipe hotuba ya kupanga na kumiliki. Studio yenyewe umepanga.

Nimefikiria hivi. Akaunti yangu inaruhusu mashine mbili. Moja ni yangu, ya pili imekaa bure. Fundi akuwekee, maelekezo nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Nalipa mimi. Usinishukuru, wewe ndiye uliyenifundisha kushika kamera.

Mdadisi wako

*

Studio, 2 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo wote. Mvua ni nyingi, wateja wanaingia na matope, nafagia kuliko ninavyopiga picha.

Chombo chako kimefika, fundi amekiweka kwenye kompyuta aliyoniazima, na kinafanya kazi, nakubali. Kina haraka. Nilipofungua picha ya bibi harusi wa Jumamosi kikamwondolea baka la shavuni kabla sijakiomba. Mama mtu alipoiona akaniuliza huyu ni mtoto wa nani. Ikabidi nilirudishe lile baka kwa mkono. Nimekiambia kisiwe na kiherehere.

Habari njema: mama yako amepata chumba cha kazi. Ni kwenye lile jengo jipya la ghorofa nne nyuma ya stendi, ghorofa ya pili, dirisha pana, mwanga wa kutosha kutunga uzi bila miwani. Mwenye jengo ndiye huyu huyu mwenye nyumba wangu wa studio. Mama yako alikuwa ameshalipa ndipo akaniambia. Anahamia mwisho wa mwezi na washonaji wenzake wanne.

Mimi pia nina kazi ya mwenye nyumba. Si ya watu.

Nina swali moja dogo. Hizi picha, ukisema zinatunzwa mtandaoni na kila hatua, zinatunzwa hasa wapi? Na ukifuta, zinafutika?

Shangazi yako

*

25 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Huku kwema. Baridi imepungua. Mama alinipigia, furaha tupu, akanitumia picha amesimama dirishani kwenye chumba chake kipya ameshika futi kama askari.

Swali lako nililijibu nusu tangu mwanzo, na kosa ni langu. Kwa kuwa akaunti ni moja, unachofanya kwako kinaonekana na kwangu. Nilipaswa kukuambia. Sikukusudia kuchungulia. Nilikuwa natafuta picha ya maua kwa ajili ya kalenda, nikakuta folda imeandikwa "Mwenye Nyumba". Nikafungua.

Picha thelathini na moja za ukuta. Ukuta, nguzo, chini ya ngazi, pembe za dari. Zote safi. Lakini Shangazi, ukibonyeza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, ule usafi unaondoka. Kwenye picha ya saba ufa unatoka kwenye kona ya dirisha mpaka sakafuni. Kwenye ya kumi na nne mtu ameingiza penseli kwenye ufa wa nguzo ili kuonyesha upana wake, na penseli imezama nusu.

Mkono wako naujua. Hakuna mwingine anayeweza kufunika kitu akaacha hata njia za brashi ya rangi zikiendelea kana kwamba hazijakatika. Ila kwenye ile ya kumi na nne umeondoa penseli ukaacha kivuli chake. Wewe huwa husahau vivuli.

Kwenye picha ya saba, nje ya dirisha, kuna tangi la maji la njano. Kwenye picha aliyonitumia mama, nyuma ya bega lake, kuna tangi hilo hilo.

Niambie ni jengo lingine. Niambie picha zilipigwa kabla ya kutengenezwa. Nitaamini, mradi uandike.

Mdadisi wako

*

28 Mei

Shikamoo Shangazi,

Sijapata jibu, naandika tena huenda posta wameipoteza. Mimi mzima.

Mama anasema hujaenda kumwona kwenye chumba kipya hata mara moja, unasingizia goti. Ananichekesha na habari moja: rili ya uzi akiiweka mezani, inabiringika yenyewe mpaka pembe ile ile. Mwanzoni alidhani meza ni mbovu. Amebadilisha meza.

Tafadhali andika.

Mdadisi

*

Studio, 19 Juni

Mdadisi,

Barua zako zote mbili nimezipata. Hakuna mgonjwa.

Kata ile ya kila mwezi. Nimemwita fundi, amefufua kompyuta ya zamani, nimerudi kwenye ile ya sidii. Kamera mpya nitaiuza. Sitaki kitu kinachokaa ndani ya studio yangu kinanitazama mikono. Ile ya baba yako nikiifunga imefungwa, nilichofanya ninakijua mimi peke yangu. Hiyo ndiyo maana ya kitu kuwa chako. Nilikulea ukilala kwenye benchi la wateja, sikujua kwamba siku moja utanichungulia ukiwa ng'ambo.

Kuhusu kuta, mimi ni fundi wa picha, si fundi wa nyumba. Niliambiwa safisha, nikasafisha. Kuna wahandisi wanaolipwa kwa mambo hayo.

Ukishakata nijulishe kwa maneno mawili tu.

Shangazi

*

6 Julai

Shikamoo Shangazi,

Salamu. Barua yako imefika. Haina hata neno moja kuhusu mama. Miaka yote unayoniandikia haijatokea. Hata mwaka ule mlipogombana kwa ajili ya kabati la baba, uliandika "mama yako yupo, amenuna".

Una haki kunikasirikia kwa kuchungulia. Nimekosa. Lakini sikati. Nikikata leo, baada ya siku thelathini vyote vinafutwa, hatua zote, na zitabaki kuta safi peke yake. Nadhani unalijua hilo. Nadhani fundi alikuambia.

Nilimpigia mama nikamwambia ahame. Alicheka. Akasema, "Shangazi yako ananitakia mema kuliko dada zangu wa kuzaliwa. Nilimuuliza kabla sijaingiza mashine, akaniambia jengo ni zuri." Ulimwambia hivyo, Shangazi? Kwa mdomo wako?

Ghorofa ile ina mafundi cherehani kumi na mmoja sasa. Chini kuna msusi, na juu kuna darasa la kuchapa.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea picha sita kama zilivyokuwa kabla hujazigusa. Nimezichapa kazini kwenye karatasi kubwa, kwa wino wa kwetu. Ningeweza kuzituma moja kwa moja halmashauri. Nimezileta kwako kwanza. Nitasubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao, halafu sitasubiri.

Mdadisi

*

Nyumbani kwa mama yako, 3 Agosti

Mwanangu,

Sote wazima. Naanza na hilo kwa sababu najua utalitafuta kwanza. Mama yako yuko hapa, cherehani zimerudi sebuleni, na mimi nimekaa kitandani kama mgeni.

Sasa nikuambie. Mwenye nyumba alikuja mwezi wa tatu na flashi. Alisema mkandarasi ameacha kuta chafu na mhandisi wa halmashauri anataka picha za kuambatisha kwenye ripoti. Mkataba wangu wa studio ulikuwa umebakiza wiki tatu. Hakuutaja. Aliuweka mezani karibu na flashi, akaanza kusifia mapazia yangu. Picha ya kwanza nilidhani ni uchafu kweli. Ya pili nilijua. Nilizimaliza zote.

Kivuli cha penseli sikukisahau. Nilikiacha makusudi. Nilijiambia mhandisi akikiona atauliza. Ndio ujasiri wote niliokuwa nao, mwanangu, kivuli cha penseli. Ripoti ilisainiwa na hakuna aliyeuliza.

Mama yako aliponiuliza, nilisema jengo ni zuri. Ndiyo. Kwa mdomo wangu. Nilitaka kusema jambo lingine, na mdomo ukasema hilo. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake. Nikaona nikikufanya ukate ile programu, itakuwa kama sikuwahi kuzigusa.

Bahasha yako ilifika Jumanne. Sikukaa chini. Nilipanda ngazi zile, goti likilia, nikamkuta mama yako anakata shati. Akafurahi kuniona, akanivutia kiti. Nikatandaza picha zako juu ya kitambaa chake. Alizitazama zote sita. Kisha akaniuliza, "Hizi ni za wapi, wifi?"

"Ni za humu. Kwenye ripoti nyufa hizi zimefutwa."

"Nani alizifuta?"

"Mimi."

Hakunitukana. Aliweka mkasi chini, akatoka kuwaita wenzake. Wakaja wote, wakatazama picha, wakatazama ukuta. Ukuta ulikuwa mweupe umepigwa rangi. Msusi akasema wazi kwamba mimi nina ugomvi na mwenye nyumba na ninawatumia wao. Niliwaona wanaanza kumwamini.

Nikachukua ule mkasi wa mama yako. Unajua, mtu akifuta ufa kidogo kidogo, siku nne, kwa brashi ndogo kuliko punje, anaukariri. Niliujua kuliko aliyeujenga. Nilihesabu shubiri mbili kutoka kona ya dirisha, nikakwangua rangi, kisha plasta laini waliyopaka juu yake. Nikaingiza mkasi. Ulizama mpaka kwenye vidole vyangu. Kwenye tundu upepo wa nje ulikuwa unapita.

Hapo hakuna aliyebishana. Walishusha mashine siku hiyo hiyo, hata msusi.

Mama yako ananipa chakula na ananijibu nikimuuliza. Zaidi ya hapo bado.

Usikate ile programu. Nitakuandikia kwa nini.

Shangazi yako

*

20 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, ya mwisho nikiwa nimesimama kwenye foleni ya posta kukutumia kifurushi hiki. Mimi sijambo. Sijui nimpe mama salamu za namna gani, mwambie tu nampigia Jumapili.

Ndani ya kifurushi kuna historia yote ya picha zote thelathini na moja: siku, saa na kila hatua. Mkuu wangu wa kazi ameweka saini na mhuri kwamba zimetolewa kwenye akaunti yangu mbele yake. Nakala ya pili nimeituma halmashauri kwa jina langu. Samahani. Jina lako limo.

Mwezi huu nimelipia. Nitaendelea.

Mdadisi wako

*

Nyumbani kwa mama yako, 29 Septemba

Mwanangu,

Tunaendelea vizuri. Mama yako amemaliza sare za shule ya kwanza. Jana aliniambia nimsaidie kubandika vifungo, nikajua tumepiga hatua. Studio imefungwa. Mwenye nyumba alibadilisha kufuli siku nilipoitwa halmashauri. Kamera nilikuwa nayo mkobani. Kompyuta ya zamani imebaki ndani na ile sidii ya baba yako ndani yake.

Waliniita wiki iliyopita. Chumba kidogo, watu wanne mezani na mwenye nyumba na wakili wake. Mwenye nyumba hakunitazama kwa ubaya. Alinisalimia kama kawaida na kuniuliza hali ya goti. Hilo ndilo lililonitia baridi.

Wakili akaniuliza, "Mama, kazi yako ni nini?"

"Kupiga picha na kuzirekebisha."

"Kurekebisha ni kubadilisha?"

"Ndiyo."

"Basi tutajuaje kwamba hizi zenye nyufa siyo ndizo ulizozibadilisha?"

Niliona aibu. Kisha nikawapa karatasi zako. Ya kwanza ina ufa, ina tarehe. Ya pili ufa umepungua, saa moja baadaye. Wakazipitia mpaka mwisho. Nikafikiria kwamba kama ningefanya kazi ile kwenye programu yangu mwenyewe, isingekuwepo hata karatasi moja. Ilikuwa yangu kweli, haikumwambia mtu kitu. Nami nilidhani huo ndio uzuri wake.

Waliandika, wakashukuru. Wakasema watamtuma mhandisi mwingine na kikao kitakaa tena mwezi wa kumi na moja. Nikauliza, na jengo je, mpaka wakati huo? Mwenyekiti akasema ripoti iliyopo imesainiwa, na hawana mamlaka ya kulifunga kwa picha. Mimi niliambiwa nisiondoke mjini, maana kesi ya kughushi ikifunguliwa nitakuwa wa kwanza kuitwa. Nimekubali. Ni kweli nilighushi.

Usikate mpaka wamalize. Hata wakichukua mwaka. Nitakurudishia kwa vifungo.

Jambo la mwisho. Leo asubuhi nilipita nyuma ya stendi. Wameziba ule ufa, ukuta umepakwa rangi upya, na dirisha la ghorofa ya pili lina pazia jipya la bluu. Nikapanda. Nilipumzika mara tatu kwenye ngazi. Nikagonga kwenye chumba cha mama yako, akafungua mwanamke simfahamu, pini mdomoni, futi shingoni. Nyuma yake kulikuwa na mashine mbili mpya ambazo bado zina nailoni.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia nilichofanya, na kwamba nyuma ya pazia lake, shubiri mbili kutoka kona, kuna ufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akatoa pini mdomoni, akasema mwenye nyumba alishamwambia kwamba atakuja mama mmoja mwenye goti bovu, na kwamba hana akili timamu, amvumilie.

Akanitakia siku njema, akafunga mlango. Haukufunga. Nilimsikia akiusukuma kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, ndipo kitasa kikaingia.

Kesho napanda tena.

Shangazi yako